Niliwapandia viazi ndugu zao: msimu niliopoteza bustani yangu Manyovu

Kama una kipande kidogo cha ardhi na unataka kuchanganya viazi mviringo na mboga nyingine, nakuomba usome haya kabla hujashika jembe. Mimi nilitumia Sh 191,000 na msimu mzima kulijua jambo ambalo ningeweza kuambiwa kwa dakika tano.

Nimekulia Kigoma mjini, karibu na ziwa. Kule viazi mviringo, au mbatata kama wengi tunavyoviita, ni vya kununua sokoni tu. Joto la mwambao haliviruhusu kuzaa udongoni. Majani yanaweza kustawi ukadhani mambo ni mazuri, ukichimbua unakuta mizizi mitupu, kwa sababu kiazi kinapenda ubaridi wa nyuzi 15 hadi 20. Nilipoolewa nikahamia milimani, upande wa Manyovu wilayani Buhigwe, nikakuta nchi nyingine kabisa. Asubuhi ukungu unashuka hadi mlangoni, udongo ni mwekundu, kahawa na migomba kila upande, na viazi vinaota hata pale ulipomwaga maganda.

Mama mkwe akanipa kipande nyuma ya nyumba, hatua 20 kwa 15 hivi, kwenye mteremko. Nilifurahi mno. Nilitaka kipande kile kinipe kila kitu: viazi vya kuuza, nyanya na biringanya za mboga, maboga ya kufunika udongo. Nilikuwa nimesikia kwamba mazao yakichanganywa yanasaidiana, wadudu wanachanganyikiwa, udongo haubaki wazi. Hayo ni kweli. Ila sikujiuliza hata mara moja ni mazao gani na mazao gani.

Nilikopa Sh 150,000 kwenye kikoba chetu cha kuweka na kukopa, nyingine nikatoa kwenye akiba. Madebe manne ya viazi vya mbegu, kila moja Sh 18,000. Magunia 15 ya samadi, Sh 45,000. Vibarua wa kulima na kuinua matuta, Sh 40,000. Mbegu za nyanya, biringanya na maboga, Sh 10,000. Dawa za Sh 24,000 nilizinunua baadaye, kwa kuhangaika. Hivyo viazi vya mbegu havikuwa vya mbegu hasa. Nilivinunua sokoni, nikachagua vilivyoanza kutoa macho, na vile vikubwa nikavikata vipande viwili au vitatu ili vitoshe, kwa kisu kilekile kimoja tangu asubuhi hadi jioni. Kisu hicho nakikumbuka hadi leo.

Mwanzoni mwa Novemba mvua zilipokuwa zimeshika, nikapanda viazi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya tuta na tuta na 30 kati ya shimo na shimo. Kila baada ya matuta mawili ya viazi nikaweka mstari wa miche ya nyanya. Biringanya zikakaa pembezoni. Maboga nikayatupia katikati. Mama mkwe alikuja akasimama muda mrefu anaangalia.

"Mwanangu, umeviweka pamoja hivi wewe mwenyewe au kuna mtu amekuelekeza?"

"Mimi mwenyewe, mama. Nataka nisipoteze nafasi."

"Haya. Tuone."

Baadaye aliniambia alitaka kunizuia, ila aliogopa nisione kwamba mkwe ananiingilia siku za mwanzo kabisa. Nami kama ningemwuliza, "Mama, wewe ungepandaje?", angenijibu palepale. Yeye amelima hapa tangu kabla mume wangu hajazaliwa.

Wiki tano za kwanza bustani ilikuwa nzuri hata wapita njia walisimama. Kisha siku moja ya jua, katikati ya Desemba, nikaona mashina matatu yamelegea saa sita mchana. Majani ya kijani kabisa, hayana doa, hayana njano, yameinama tu kama mboga iliyosahauliwa juani. Jioni yakasimama tena. Nikadhani ni kiu, nikachota maji nikamwagilia, ingawa juzi yake tu mvua ilikuwa imenyesha. Kesho yake yakawa saba, siku ya nne hayakusimama tena. Nikadhani ni sota, wale viwavi wa udongoni, wanakata mizizi, nikafukua, sikuona hata mdudu mmoja. Nikaendelea kumwagilia, maji yakishuka kwenye mifereji kati ya matuta kutoka juu hadi chini ya bustani. Yale yaliyokufa niliyang'oa nikayatupa kwenye shimo la mbolea.

Biringanya ya kwanza ilipolegea vilevile, ndipo nikaogopa. Usiku nililala macho nikihesabu deni la kikoba.

Bibi shamba wa eneo letu alifika baada ya siku tatu. Hakuniuliza mengi. Aliomba glasi ya kioo iliyooshwa vizuri na maji safi. Akakata shina la kiazi kilicholegea karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, akakishika wima ncha yake ikigusa maji, mkono umetulia. Akaniambia nichuchumae niangalie, nyuma ya glasi akaweka kitambaa cheusi. Dakika moja haikuisha. Kutoka kwenye ncha ya shina ukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba, kama maziwa yanayochuruzika taratibu ndani ya maji, ukafika chini ukatandaa. Kisha akafanya hivyo kwa shina la biringanya, nao uzi ukashuka. Akachimbua kiazi kimoja, akakipasua: ndani ya ganda kulikuwa na pete ya kahawia, na alipokiminya yakatoka matone ya utelezi mweupe kwenye pete hiyo. Kwenye macho ya kiazi udongo ulikuwa umegandamana, hautoki hata ukiusugua kwa kidole.

"Huu ni mnyauko wa bakteria," akasema. "Umeingia kwa mbegu. Kisu kikaugawa. Maji yakausambaza. Na wewe ukauwekea ndugu zake pembeni ili usikose pa kwenda."

Neno hilo, ndugu, ndilo lililonifungua. Kiazi mviringo ni wa ukoo mmoja na nyanya, nyanya chungu, biringanya, pilipili kali, hoho, na tumbaku. Hata mnavu tunaouchuma kwa mboga ni wa ukoo huo. Ukiangalia maua yao utaona wanafanana: ua la kiazi, la biringanya na la mnavu ni kama mama mmoja, petali tano na ncha ya njano iliyochomoza katikati. Wanashiriki chakula kilekile kwenye udongo, wadudu walewale na magonjwa yaleyale. Ukiwapanda pamoja, anayeugua mmoja amewaugulia wote.

Kilichonichanganya pia ni jina. Kwa Kiswahili tunasema viazi mviringo, viazi vitamu, viazi vikuu, ukafikiri ni watoto wa nyumba moja. Sivyo. Kiazi kitamu si wa ukoo wa kiazi mviringo, wanalingana jina tu. Kumbe nyanya, ambayo hakuna anayeiita kiazi, ndiyo dada yake wa damu. Kaka yangu yuko Urambo, Tabora, analima tumbaku. Nilipompigia simu kumsimulia alicheka kwa uchungu akasema kule wanaambiwa kila mara wasipande nyanya mahali ilipotoka tumbaku, kwa sababu hiyohiyo.

Nikamwuliza bibi shamba nipulize dawa gani. Akanijibu hakuna dawa ya kupuliza inayotibu mnyauko huo. Mmea uliougua ung'olewe pamoja na udongo unaoshika mizizi, uwekwe kwenye ndoo, uzikwe mbali na bustani, usitupwe kwenye mbolea wala kwenye maji. Jembe lioshwe kabla ya kuhamia tuta jingine. Nikaanza kufanya hivyo, lakini nilikuwa nimeshachelewa kwa wiki mbili.

Na hilo halikuwa la mwisho. Mvua za Januari zilikuja na ukungu wa siku nne mfululizo. Maboga yalikuwa yametambaa hadi juu ya matuta, majani yake mapana yamefunika kila kitu, chini hakukauki hata mchana. Asubuhi ya siku ya tano niliona majani ya viazi yana mabaka meusi yaliyolowana kama yamemwagiwa maji ya moto, na nilipoyageuza, pembezoni mwa baka kulikuwa na unga mweupe mwembamba. Hiyo ni bakajani chelewa, wakulima wengi huuita ukungu tu. Siku mbili baadaye mabaka yakawa kwenye nyanya, kwenye majani, mashina, hadi matunda. Ndipo niliponunua zile dawa za Sh 24,000. Dawa ya ukungu hukinga jani ambalo bado ni zima. Jani lililokwisha kuoza hailirudishi. Bibi shamba alinieleza kwamba ugonjwa huu ndio uliomaliza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wakafa kwa njaa na wengine wakahama nchi. Nilijisikia vibaya, lakini pia niliacha kujiona mjinga peke yangu.

Kuvuna kulikuwa siku mbaya. Unajua harufu ya kiazi kilichooza udongoni? Inakaa kwenye vidole hata ukinawa kwa sabuni mara tatu. Nilipata madebe sita, mengi yake vidogo kama limau, sikuuza hata kimoja kwa sababu sikutaka mtu mwingine avipande. Nyanya nilichuma ndoo moja na nusu. Deni la kikoba nililipa kwa kuuza mbuzi wawili tuliowaweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Mume wangu hakunilaumu, na ukimya wake uliniumiza kuliko angenigombeza.

Lililoniumiza zaidi nililijua mwezi Machi. Chini ya bustani yangu kuna bibi mmoja, mjane, ana nyanya chungu zake za kuuza gulioni. Nilipita nikakuta mistari miwili ya juu, ile iliyo karibu na kwangu, imelegea majani yakiwa mabichi. Maji yangu yalikuwa yakishukia kwake. Nilikwenda nikamsalimia, shikamoo bibi, nikamweleza yote bila kuficha. Alinyamaza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, ungekuja siku ya kwanza." Basi. Sikuwa na jibu. Kama mnyauko umeingia kwako, waambie walio chini yako siku hiyohiyo, hata kama ni aibu.

Bustani ile ya kwanza hadi leo haijaona tena kiazi wala ndugu yeyote wa kiazi. Bakteria hao wanaweza kukaa udongoni miaka mingi, hasa wakiwa na mmea wa ukoo huo wa kujificha. Napanda mahindi, kisha maharage, kisha mahindi. Nang'oa kila kiazi kinachojiotea chenyewe na kila mnavu, na mnavu ndio uliosumbua kuliko vyote, maana watoto wanaupenda na unaota bila kualikwa. Tukakubaliana nyumbani kwamba mnavu utachumwa upande wa mbele wa nyumba tu.

Msimu wa pili sikulima viazi kabisa. Nilikaa nikauliza. Wa tatu nikaanza upya kwenye kipande kingine, juu ya nyumba, mahali ambapo maji ya bustani ya zamani hayawezi kufika. Mbegu safari hii niliagiza kupitia ndugu aliyeko Mbeya, aina ya Asante, kutoka kwa mkulima anayezalisha mbegu zilizokaguliwa, kule ambako kituo cha utafiti cha TARI Uyole kimehangaika na viazi kwa miaka mingi. Zilinigharimu karibu mara mbili ya za sokoni ukijumlisha na nauli ya basi. Sijutii hata shilingi. Nilichagua zenye ukubwa wa yai la kuku nikazipanda nzima bila kukata. Ukilazimika kukata, uwe na visu viwili, kimoja kikiwa kwenye maji ya jiki wakati kingine kinafanya kazi, na ubadilishe kila kiazi.

Jirani wa kwanza niliyempa kiazi ni maharage, nayo nikayakosea. Nilipanda maharage ya kutambaa, tena kwenye tuta lilelile, shimo la kiazi na shimo la harage. Wiki ya nne ilipofika muda wa kupandishia udongo, jembe halikuwa na pa kupita. Kila nikivuta udongo kwenye shina la kiazi nakata mizizi ya maharage, na nikiyahurumia maharage viazi vinabaki nusu nje. Kiazi kinachopigwa na jua kinageuka kijani na kuwa kichungu, na kijani hicho ni dalili ya sumu, hakifai kuliwa. Nilipoteza karibu debe moja na nusu kwa namna hiyo.

Sasa napanda kwa mikanda. Matuta mawili ya viazi, kisha mistari miwili ya maharage mafupi kwenye ardhi yake yenyewe, kisha matuta mawili ya viazi tena. Jembe linapita kati ya mkanda na mkanda, udongo wa kupandishia nautoa upande wa viazi, maharage hayaguswi. Maharage mafupi hayavizibi viazi jua wala hewa, na hewa ndiyo inayokausha majani asubuhi. Yanakomaa mapema. Siyang'oi, nayakata kwa kisu usawa wa ardhi ili mizizi na vile vifundo vyake vyenye rutuba vibaki chini. Usidanganyike kwamba maharage yatalisha viazi msimu huohuo. Rutuba yake kubwa inakuja kwa zao litakalofuata, baada ya mizizi kuoza. Samadi iliyoiva bado unaihitaji, na iwe imeiva kweli.

Vitunguu nimeviweka pembezoni. Wengi husema harufu yake inafukuza wadudu. Mimi navipanda kwa sababu si ndugu wa kiazi, havichukui nafasi, havitandi, na vinauzika. Dhania naiacha baadhi itoe maua, na maua yake yanavuta nyigu wadogo na wale inzi wenye mistari kama nyuki, ambao watoto wao wanakula vidukari. Hilo nimelitazama kwa macho yangu, kitoto cha inzi huyo, kidogo kama funza wa kijani, kikinyonya kidukari kimoja baada ya kingine kwenye jani la kiazi. Mahindi yako mistari mitatu upande wa upepo, hatua mbili kutoka tuta la kwanza, yasitie kivuli. Maboga yamehamia karibu na shimo la mbolea, huko yatambae yatakavyo. Bangi mwitu, lile gugu lenye harufu kali (si bangi ya kuvuta), siioneshi huruma ndani ya matuta, lakini kwenye kipande kinachopumzika naiacha isongamane kisha naifukia kabla haijakomaza mbegu, kwa sababu inapunguza minyoo fundo udongoni, ile midogo inayovimbisha mizizi.

Nyanya zangu? Ziko ng'ambo ya nyumba, hatua zaidi ya 40, zina jembe lake na ndoo yake. Na naanza kwa viazi asubuhi, nyanya baadaye, kamwe sigusi viazi nikitoka kwenye nyanya zenye mabaka.

Msimu uliopita nilivuna madebe 24 ya viazi na debe mbili na nusu za maharage. Mashina manne yalilegea. Nilifanya kipimo cha glasi kwa kila moja, mawili yakatoa uzi, nikayatoa na udongo wake nikayazika. Niliwapigia simu walio chini yangu jioni hiyohiyo.

Kwa bibi jirani nilipeleka madebe mawili ya viazi vya kula na nikalipia vijana wawili wachimbe mtaro unaokinga maji juu ya shamba lake, kutoka pembe hadi pembe, ili maji ya bustani yangu ya zamani yaende kwenye korongo. Alitaka kuuchimba yeye mwenyewe, tukamzuia. Kipande chake cha juu amekipanda maharage na mahindi mwaka huu, nyanya chungu amezihamishia chini kabisa. Wiki iliyopita aliniita nikaangalie kitu. Alikuwa ameshika glasi ya chai yenye maji na kishina cha nyanya chungu, amechuchumaa kizingitini, kanga nyeusi ameitandika nyuma. Tukakaa wote wawili tunatazama. Dakika moja, mbili, tano. Maji yalibaki maangavu kama yalivyokuwa.